Kimya nacho ni muziki

Ndugu mwandishi, hapo unaposema mtunzi wa muziki wa pipa, chombo cha nyuzi cha Kichina, alifuate shairi analolitungia muziki neno kwa neno, nakupinga kwa heshima. Mshairi wa China Bai Juyi alipoandika shairi lake maarufu la pipa mwaka 816, akiwa ameshushwa cheo na kupelekwa Jiangzhou, mbali na mji mkuu, hakueleza mlio wa nyuzi nne tu. Alieleza pia zilivyonyamaza, na uchungu uliojaa katika kimya hicho. Mtunzi anayejaza kila pumziko kwa mbio za vidole ameliacha shairi nje ya mlango.

Halafu kuna suala la mkono. Enzi za nasaba ya Tang, zama zake Bai Juyi, pipa ililazwa kifuani na kupigwa kwa kipande kigumu, karibu kama udi wetu wa taarabu (vyombo hivi ni jamaa wa mbali). Kuisimamisha na kuidonoa kwa kucha kulienea baadaye. Natamani sana mtunzi mmoja akirudie kipande hicho, hata kwa ubeti mmoja. Mkwaruzo wake mzito ndio aliousikia mshairi usiku ule wa shairi lake, akiwa mtoni, mpigaji akiwa mke wa mfanyabiashara aliyeachwa peke yake mashuani.