Daftari la Darasa la Kwanza lifunguliwe nyumbani

KILA mwezi Januari wazazi wa visiwani na wa nchi kavu huwapeleka watoto wao kuanza Darasa la Kwanza, wakiwa na sare mpya na madaftari mapya. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini katika nyumba nyingi, zikishapita wiki chache, daftari lile hufungwa shuleni mchana na kufunguliwa tena shuleni kesho yake asubuhi. Nyumbani halifunguliwi kabisa. Kwa maoni yetu huo ni upungufu mkubwa, na anayeumia ni mtoto ambaye bado hawezi kujisemea.

Wapo wazazi wanaoamini kuwa kazi ya elimu sasa ni ya Serikali peke yake. Ni kweli kwamba ada ya shule za msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwamba kuanzia Januari 2016 Serikali ilitangaza elimu bila ada hadi Kidato cha Nne. Kilichoondolewa, hata hivyo, ni ada. Wajibu wa mzazi haukuondolewa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe kuwa anahudhuria masomo. Lakini hakuna sheria iwezayo kumkalisha baba mkekani jioni amsikilize mwanawe akisoma. Hilo hutokana na mapenzi na kutambua wajibu.

Tunasisitiza madarasa ya mwanzo kwa sababu maalumu. Tangu mwaka 2015 masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili yameelekezwa zaidi kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtoto akifika Darasa la Tatu hatarajiwi tena kujifunza kusoma, bali kusoma ili ajifunze mambo mengine. Aliyefika hapo bila ya kuzijua silabi hukaa darasani kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Huona haya, huanza kutoroka, na mwisho hukutwa mwaloni akianika dagaa. Ndipo mzazi husema kuwa mtoto huyo hana akili. Akili anazo, alichokosa ni mtu wa kumsikiliza.

Kusoma hujengwa kwa kurudia. Mwalimu mwenye darasa lililojaa watoto hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku, hata akiwa hodari namna gani. Sehemu iliyobaki ni ya nyumbani, nayo haizidi robo saa kwa siku.

Tunajua jibu litakalotolewa na ndugu zetu wengi wa Bumbire, Kerebe, Goziba, Ikuza na Mazinga: "Mimi mwenyewe sikusoma, nitamfundisha nini?" Jibu hilo hatulikubali. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba mtoto aliporudi na ubao wake aliulizwa nyumbani, "Leo umefika wapi?" Akaanza alifu, be, te mbele ya mama ambaye pengine hakujua hata herufi moja. Mama yule hakuwa akifundisha. Alikuwa akisikiliza, na mtoto akijua kuwa jioni atasikilizwa, asubuhi hutega sikio. Hata katika hadithi za jadi za Wahaya, wasikilizaji humtaka msimulizi aone ili nao wapate kuona. Msikilizaji ana sehemu yake katika kazi ile. Basi mzazi asiyejua kusoma amwambie mtoto: "Nisomee, nami nione." Amtake aweke kidole chini ya kila neno. Atazame kama ukurasa wa leo umeandikwa au ni mtupu, na kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita. Hayo hayahitaji cheti.

Wala vifaa si kikwazo. Mchanga wa ufukweni ni ubao usiokwisha: mtoto achore kwa kidole a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, afute na kuanza upya. Maharage na mbegu za kahawa hufaa kwa kuhesabia. Ayapange mafungu ya matano matano na ya kumi kumi, aongeze, apunguze. Mama anayepima dagaa kwa sado amuulize mwanawe zimebaki sado ngapi baada ya kuuza tatu. Baba anayeshona wavu amhesabishe macho ya wavu na maboya yake. Na mtoto ambaye nyumbani husema Kihaya, Kikerewe, Kijita au Kizinza asionewe haya. Kwanza ahesabu kwa lugha ya mama yake, kisha arudie kwa Kiswahili. Hesabu ni ile ile, na lugha ya shule itamwingia upesi akiisikia nyumbani bila ya kuchekwa.

Wavuvi husema kuwa hawana nafasi. Lakini wanaovua dagaa kwa taa wanajua kuwa mbalamwezi ikiwa kubwa kazi husimama na mitumbwi hupumzika. Siku hizo ziwe za daftari. Baba aliyekuwa ziwani usiku wa giza azitumie siku za mwezi kupitia kazi yote iliyoandikwa tangu alipoondoka. Siku nyingine mama, kaka au dada aliye darasa la juu ashike zamu, jua lingali halijatua, ili mtoto asiharibu macho kwa koroboi.

Wapo pia wazazi wanaokwenda visiwani na kuwaacha watoto kwa bibi zao katika vijiji vya nchi kavu, Kaagya ikiwa mojawapo. Bibi huyo asiachiwe mtoto na chakula tu. Aelezwe pia kuhusu shule. Na mzazi anayerudi na fedha za samaki aulize habari za daftari kabla ya kuuliza habari za shamba. Anayehama kambi pamoja na mtoto achukue uhamisho shuleni na abebe madaftari yake yote, ili mwalimu mpya ajue mtoto amefikia wapi. Kumhamisha mtoto kimya kimya ni kumrudisha mwanzo.

Lakini kusaidia si kumfanyia mtoto kazi. Mwandiko wa kaka katika daftari la mdogo wake humdanganya mwalimu na humnyima mtoto mazoezi. Tena tunaonya juu ya fimbo. Mtoto anayepigwa kila anapokosea herufi hujifunza kuogopa kitabu. Na saa za masomo ziheshimiwe: kuanika dagaa, kuchota maji na kulea wadogo ni malezi mema, lakini si badala ya darasa.

Wajibu huu si wa wazazi peke yao. Walimu wakuu wasiwaite wazazi kwa ajili ya madawati na vyoo tu. Kila muhula mzazi wa Darasa la Kwanza na la Pili aelezwe kwa lugha nyepesi mtoto anapaswa kujua nini kufikia siku hiyo, na aonyeshwe namna ya kumsikiliza. Vitabu vya kusoma visifungiwe kabatini kwa hofu ya kuchakaa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Halmashauri za Bukoba na Muleba, pamoja na Maofisa Elimu wa Kata, ziwatazame kwa jicho la pekee walimu wa visiwani, kwani mwalimu asiye na nyumba wala usafiri wa uhakika hatadumu huko.

Aidha, elimu ya watu wazima ifufuliwe. Mwaka 1971 wilaya sita zilichaguliwa ziwe za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na miongoni mwake zilikuwamo Mafia na Ukerewe. Zote mbili ni visiwa, na Ukerewe imo katika ziwa hili hili letu. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki chini ya 10. Baadaye juhudi zikalegea na nchi ikarudi nyuma. Mama anayejifunza jioni silabi zile zile alizofundishwa mwanawe asubuhi huinua watu wawili kwa mpigo mmoja. Mabalozi wa nyumba kumi na viongozi wa vitongoji waanze kwa kuuliza katika mashina na mitaa yao: ni nyumba ngapi zina mtoto wa Darasa la Kwanza, na nani anamsikiliza?

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mvuvi hiyo si methali tu, ni kazi ya kila siku. Anajua kuwa samaki akishakauka, ukimkunja huvunjika. Wito wetu kwa wananchi wa Bukoba na Muleba, wa nchi kavu na wa visiwani, ni kwamba jioni ya leo, kabla ya chakula, kila mwenye mtoto wa Darasa la Kwanza amwambie alete daftari lake, akae naye, amsikilize.