Kabla ya kuongeza wanafunzi Sumbawanga, ongezeni walezi

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi kijana wa Ufipa, nyanda zetu za juu, aliyefaulu kidato cha sita alikuwa na njia moja: kupanda basi kwenda Mbeya, Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Wengi hawakurudi. Kituo cha Chuo Kikuu Huria kilikuwapo, ila kiliwafaa zaidi walimu na watumishi waliokwisha kuwa kazini. Leo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina kampasi Sumbawanga, na mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia imelikopesha taifa dola milioni 425 kuutekeleza, umeleta nondo na zege hadi huku juu Ufipa. Tunashukuru, na tunasema hivyo bila kinyongo.

Lakini kila ziara ya ukaguzi huuliza asilimia ya ujenzi. Sisi tuna swali lingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikwama saa nne usiku, amekosa ada, ameugua au ametishwa na mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake, atamgongea nani mlango hapa Sumbawanga? Si Mbeya. Kutoka hapa hadi Mbeya kupitia Tunduma ni zaidi ya kilomita 300, na hakuna shida ya usiku inayosubiri basi la alfajiri.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba kampasi hii isiongezewe udahili kabla ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi haijawa na watu wa kutosha, fedha zake yenyewe na mamlaka ya kuamua mambo papa hapa.

Kazi ya ofisi hiyo inajulikana duniani kote. Mwaka 1937 Baraza la Elimu la Marekani lilitoa waraka ambao wasimamizi wa wanafunzi wanautumia kama msingi wao hadi leo, likasema chuo kinapaswa kumwangalia mwanafunzi mzima: akili yake, afya yake, fedha zake, imani yake, tabia yake na kazi atakayoifanya baadaye. Lengo ni kwamba aliyeingia atoke amehitimu, akiwa na afya, akijua kujisimamia. Makazi, ushauri nasaha, zahanati, michezo, wenye ulemavu, mikopo na serikali ya wanafunzi vyote viko chini ya paa hilo. Nidhamu nayo imo, ila ni chumba kimoja tu katika nyumba hiyo.

Katika vyuo vyetu chumba hicho kimemeza nyumba nzima. Mwanafunzi wa Kitanzania huijua ofisi ya Mshauri siku anapoandikiwa barua ya kujieleza. Na historia inaonyesha gharama yake. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Julai 1971 rais wa wanafunzi wa chuo hicho, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi, akakamatwa na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU, pale pale chuoni Mlimani. Mei 1990 Serikali ilikifunga chuo chote, na masomo yakarejea mwaka uliofuata. Hatusemi wanafunzi walikuwa na haki kila mara. Tunasema kwamba kila mara mazungumzo yalianza kwa kuchelewa, wakati askari wameshafika.

Migomo hata hivyo huonekana na kuandikwa magazetini. Kinachotuumiza zaidi Ufipa ni wale wanaoondoka chuoni kimyakimya.

Mkulima wa Laela au Matai huanza kuvuna mahindi karibu na Mei. Hukausha, hupukuchua, kisha hupeleka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na kusubiri malipo, au humuuzia mchuuzi aliyefika mlangoni na mzani wake na bei yake. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mvua za kwanza nazo ni Novemba, na mbolea ikikosekana wiki zile, hasara yake hulipwa mwaka mzima. Kwa hiyo baba mwenye watoto sita anasimama dukani akiwa na fedha za jambo moja kati ya mawili. Hununua mbolea, kwa sababu bila mbolea hakuna ada ya mwaka ujao, na mtoto hutumiwa nusu. Mtoto husajiliwa kwa nusu hiyo akiahidi kumaliza. Mtihani wa muhula ukifika jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuufanya. Aibu humfunga mdomo. Hufunga begi na kurudi kijijini bila kuandika barua ya kuahirisha masomo. Chuo humhesabu mtoro, na wenzake husema amedisko, yaani ameondolewa kwa kufeli.

Hakufeli. Alikosa mtu wa kumketisha chini kwa saa moja, akamwandikia mpango wa kulipa hadi mavuno, akamsaidia kukata rufaa Bodi ya Mikopo, na ikishindikana kabisa akampa fomu ya kuahirisha ili nafasi yake isipotee. Mtu huyo lazima awe na mamlaka ya kuzungumza na mhasibu na kusikilizwa. Mshauri anayeishia kusema "nenda kaonane na uhasibu" hajamshauri mtu.

Makazi yana hatari yake. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa chakula na malazi, na wapo wanafunzi wengi wasiolipata. Asiyepata nafasi bwenini hupanga geto mtaani, na wenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ifikapo Juni na Julai baridi ya Sumbawanga hupenya hadi kwenye godoro. Kijana aliyetoka Kyela au Pwani, asiyewahi kuiona baridi ya namna hii, huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha, huziba upenyo wa mlango kwa kanga na kulala. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa haina harufu ya kumwamsha, na inaua. Ofisi inayojua kazi yake humweleza hayo wiki ya kwanza, huwa na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, na hukaa na wenyeviti wa mitaa na wenye nyumba ili kodi ilipwe kwa kufuata bumu.

Kwa mabinti hatutaki kuzungukazunguka. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mimba za utotoni. Binti aliyevuka hapo hadi chuo kikuu amepita tundu la sindano, na ni fedheha akutane huko na mtu anayeuza alama. Rushwa ya ngono ni jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Serikali imeshaagiza vyuo viwe na madawati ya jinsia. Dawati ambalo mhusika wake ni rafiki wa mhadhiri anayelalamikiwa ni mtego, na binti atalikwepa. Lazima awepo mtu anayepokea malalamiko bila kupitia idara husika, anayetunza siri, na anayejua njia ya kwenda Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU.

Tunaliomba Baraza la Chuo liweke Sumbawanga mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo na anayeishi hapa, na liipe ofisi yake kura pale majina ya wanaozuiwa mtihani yanapopitishwa. Viongozi wa serikali ya wanafunzi waketi kwenye vikao hivyo tangu mwanzo, wasiitwe kutuliza wenzao jambo likishaharibika. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inapokuja kukagua kampasi, isiridhike na kuhesabu viti vya ukumbi wa mihadhara. Idai kitabu kinachoonyesha waliosajiliwa, waliohitimu, waliopotea katikati na sababu ya kila aliyepotea. Chuo kisichoweza kutaja sababu hizo hakijaifanya kazi yake.

Mpaka hayo yatimizwe, idadi ya wanafunzi wa Sumbawanga ibaki ilipo.