Tambara Si Mfuniko

Ndugu msomaji, kama una gari, hebu weka kitabu hiki chini kwanza, uende ukatazame mahali pa kujazia mafuta. Ukikuta mfuniko wake halisi, wenye mpira wake, rudi uendelee kusoma kwa raha. Ukikuta tambara, gunzi la mahindi, au nailoni iliyokazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, basi maneno yafuatayo nimekuandikia wewe, wala sitakuomba radhi.

Huku kwetu, kati ya Masasi na Newala, magari ya namna hiyo si machache. Mfuniko husahauliwa juu ya bodi wakati wa kujaza mafuta, gari likaondoka, nao ukaangukia vumbini. Au huibwa usiku na mtu ambaye naye aliibiwa wake. Mwenye gari huchukua tambara la kufutia mikono, akaliviringisha, akalisukumiza tunduni, na moyoni anasema kesho nitanunua. Kesho hiyo nimeiona ikichukua miaka minne. Ukimwuliza, jibu lake ni moja: "Mfuniko si injini. Gari si linatembea?"

Kinachonishangaza ni kwamba wanaosema hivi ni watu wa Newala, watu ambao hakuna wa kuwafundisha maana ya kufunika. Uwanda wa Makonde hauna mito. Ardhi yake ya kichanga hunywa mvua yote, na maji ya bomba husukumwa kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari. Ndiyo maana wazee walichimba visima vya kuvunia maji ya mvua uani, wakavijengea midomo ya saruji na kuviwekea vifuniko. Nyumba nyingine kifuniko hicho kina kufuli, na ufunguo hukaa na mama mwenye nyumba. Mtoto akikiacha wazi anakiona cha moto. Sasa mtu huyo huyo, anayefungia maji kwa kufuli, anaziba petroli kwa gunzi!

Niseme lililonitia uchungu mpaka nikashika kalamu. Binti wa dada yangu alishikwa na uchungu wa uzazi katika kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Ruvuma. Tukapata pikapu ya mjomba wangu, tukamlaza nyuma juu ya godoro, tukaanza kupandisha kuelekea Newala. Tangi lilikuwa limezibwa kwa nailoni mbili na tyubu, limekazwa barabara, na dereva alijisifu kwamba hata tone halitoki. Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Kijana akafungua plagi akazisugua, akapuliza chujio la mafuta, akatukana kabureta. Nyuma mgonjwa analia. Karibu saa nzima ilipotea. Mwishowe akasema labda mafuta yamekwisha, akafungua ile nailoni. Nayo ilikuwa imebonyea ndani kama shavu la bibi kizee. Tukasikia fyuuu! Hewa ikaingia. Gari likawaka kwa mara moja.

Mtoto alizaliwa salama, tena dakika chache tu baada ya kufika. Lakini mimi bado nasikia ile fyuuu.

Jambo lenyewe ni jepesi. Mafuta yakitoka kwenye tangi kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Chukua chupa ya soda iliyojaa, uifyonze bila kuachia hewa ipite. Baada ya muda utafyonza bure. Katika magari mengi ya zamani, ile njia ya hewa imo ndani ya mfuniko wenyewe: kuna vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia lakini inayozuia mvuke kutoka. Kwa hiyo kile mnachokiita kipande cha bati kina kazi mbili zinazopingana, na kinazifanya zote mbili bila kelele. Nailoni inajua moja. Tambara halijui hata moja.

Fundi mmoja alipoelezwa habari ya pikapu ile, akasema dawa yake ni rahisi: "Mjomba, nunua mfuniko wowote, tutautoboa msumari upumue." Ushauri huu nimeusikia kwa mafundi wengi, na nathubutu kusema ni ujinga uliovaa ovaroli. Tundu la msumari halichagui. Linaingiza hewa, ndiyo, lakini linaingiza pia vumbi letu lile jekundu la kiangazi na maji ya masika, na linatoa mvuke mchana kutwa. Kwenye gari la dizeli maji hayo hayaishii kwenye chujio tu, bali hula pampu na nozeli, vitu ambavyo bei yake ingekununulia mifuniko ya kugawa kijiji kizima.

Na mvuke ndio adui mwenyewe. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi, na kinachowaka ni huo mvuke. Ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo haupai juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini ya gari, unatafuta cheche. Tambara nalo, gari likiyumba kwenye makorongo, hulowa. Tambara lililolowa mafuta, ncha moja ikiwa ndani na nyingine nje, sisi wote tuliokulia kwenye vibatari tunalijua jina lake: ni utambi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Sisemi tambara la mjomba litaua mia. Nasema mvuke ni ule ule, na abiria wa nyuma anayewasha sigara hajui kitu.

Kwani kuutunza kuna kazi gani? Ukijaza mafuta, futa mdomo wa tangi na mpira wa mfuniko kwa kitambaa safi kikavu. Mpira ukipasuka au kukauka, ubadilishe. Ukishindwa kuupata peke yake, badilisha mfuniko. Ukinunua, nenda na ule wa zamani mkononi na utaje aina ya gari, kwani kuingia tunduni si ushahidi kwamba ndio wenyewe. Upo wenye vali na upo usio nayo, na magari mapya mengine hupitisha mvuke kwenye njia zake maalumu, hata taa ya dashibodi huwaka mfuniko usipokaza. Wenye bodaboda nao wasijifanye hawahusiki, tangi liko mapajani mwao.

Najua utetezi: vitu havipatikani Newala. Basi Masasi je? Watasema wataibiwa tena. Ipo mifuniko ya ufunguo, na Land Rover za zamani zilikuwa na mnyororo mdogo wa kuushikilia. Kipande cha waya kinatosha kwa kazi hiyo. Watasema hakuna anayekagua. Hapo kidogo wana haki. Nimesimamishwa njiani mara nyingi, nikaulizwa kizimamoto na pembetatu, lakini sijaulizwa mfuniko hata siku moja.

Baada ya mkasa ule nilikwenda Masasi, nikanunua mfuniko halisi, nikampelekea mjomba kwa mikono miwili, maana kwetu mjomba hafundishwi, huletewa. Akaupokea, akaugeuzageuza, akasifu. "Ahsante mpwa wangu, huu ni mzuri sana." Kisha akafungua droo ya dashibodi, akauweka ndani, akafunga kwa ufunguo.

"Mjomba, mbona huuvalishi?"

"Wataiba," akasema.

Kwenye tangi lilikuwa limebaki tambara. Nikamwambia shikamoo yangu ya kuagia, nikateremka, nikangoja basi.