Mita za Mraba Zilizokwenda na Maji

“Godauni linauzwa Vingunguti, eneo la kimkakati. Mita za mraba 4,200, ofisi ghorofani, umeme wa fezi tatu, lori la futi 40 linaingia na kugeuza. Hati safi. Dakika chache kutoka Barabara ya Nyerere. Mwenye mali ana shida, maongezi yapo.”

Tangazo hilo ni la kwetu, ndugu wanne tuliorithi ghala la marehemu baba. Aliliandika dalali, na limezunguka kwenye makundi ya WhatsApp miezi miwili sasa. Ukiondoa ile shida ya mwenye mali, ambayo madalali huinyunyiza kila mahali kama chumvi, huwezi kulikuta na uongo. Lori linageuza. Hati ipo, haina mgogoro wala deni la benki. Kilichokosekana ni neno moja la herufi tatu: mto.

Mto Msimbazi unapita nyuma ya ukuta wetu. Unatoka vilima vya Pugu, unapita kati ya Vingunguti na Tabata, unashuka Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Kiangazi unauvuka kwa kuruka mawe ukiwa umeziba pua. Mvua zikikolea ni habari nyingine. Ndani ya ghala, kwenye nguzo ya tatu kutoka mlangoni, mlinzi wetu wa zamani alikuwa na mazoea ya kuchora mstari kwa mkaa kila maji yalipoingia, na kuandika mwaka pembeni. Mstari wa juu kabisa ni wa Desemba 2011. Unanifika kifuani.

Dalali alipoiona nguzo ile mara ya kwanza alisimama, akaisoma yote kuanzia chini hadi juu, kisha akaniambia kwa upole kabisa: “Dada yangu, hapa pakeni rangi. Ndoo mbili tu zinatosha.”

Ninaandika kuzipinga ndoo hizo mbili.

Hoja ya dalali nimeisikia tena kwa kaka yetu mkubwa, kwa shangazi, na kwa wakili. Inasemwa hivi: mnunuzi ni mtu mzima. Ana macho, ana mthamini, ana mwanasheria wake. Mto hatukuuficha, uko palepale, achungulie dirishani. Kama hakuuliza, sisi tumjibu nini?

Wakili alikuwa na pa kuegemea. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 17, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, lakini inaongeza kwamba kukaa kimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale mtu anapokuwa na wajibu wa kusema, au pale kimya chenyewe kinapokuwa sawa na kusema. Na kifungu cha 19 hakimhurumii mnunuzi aliyenyamaziwa jambo ambalo angeweza kuligundua kwa juhudi za kawaida. Kwa hiyo, alisema wakili, akiuliza msimdanganye, asipouliza nyamazeni.

Sawa. Lakini rangi inasema. Nguzo iliyopakwa ili mtu asiisome 2011 inamwambia mgeni kwamba hapa hapajawahi kuingia maji, na inamwambia vizuri kuliko mdomo wa dalali, kwa sababu mdomo wa dalali kila mtu anaushuku. Na hizo juhudi za kawaida zitamfikisha wapi mtu anayekuja kiangazi, saa nne asubuhi, akakuta kijito na ukuta mweupe?

Wafanyabiashara wa mwambao walilijua hili muda mrefu. Kitu chenye ila kiliuzwa na ila yake ikitajwa. Waislamu wanaikumbuka habari ya Mtume alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka vimelowa. Muuzaji akasema ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Baba alipenda kuisimulia habari hiyo akiwa amekaa juu ya magunia ya mahindi humohumo ghalani, na vibarua walishaijua hadi wakawa wanammalizia. Najiuliza wangeimaliziaje leo, wanawe tukiwa tumeshika brashi.

Hata hivyo mafuriko ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Maji huja yakaondoka. Kisichorudi ni ardhi.

Baba alipopimiwa kiwanja miaka ya 1980, kati ya bikoni za nyuma na mto kulikuwa na minazi, matuta ya mchicha na njia ya miguu. Leo minazi haipo, njia haipo, na bikoni moja haipo. Hakuna aliyeing’oa. Ukingo uliliwa mvua baada ya mvua, wachimba mchanga wakausaidia mto kazi yake, takataka zikauziba huku ukahamia kule, mpaka ukatufikia. Nimepima mwenyewe kwa futi kamba: kutoka ukuta wa nyuma wa ghala hadi ukingoni ni mita 23. Pembe moja ya kiwanja, kwa makadirio yangu mita za mraba mia tatu hivi, ni hewa. Ukisimama pale unatazama chini. Udongo wake ulishashuka Jangwani zamani ukawa tope, na mwingine uko Salenda umeshikwa na mizizi ya mikoko.

Lakini hati bado inasema 4,200. Hati haijawahi kunyeshewa. Tangazo limenakili hati, na mnunuzi atalipia kila mita iliyoandikwa, pamoja na zile zilizokwisha fika baharini. Hii ndiyo “hati safi” tunayojivunia. Kwa Kiswahili cha sokoni, anauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe hana mguu mmoja.

Kuna na hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ninavyoisoma mimi, mita hizo haziwezi kuhesabiwa kutoka pale mto ulipokuwa enzi za baba. Zinatembea na mto. Ghala lililojengwa kwa kibali, mbali na maji, limejikuta ndani ya mstari bila kusogea hata inchi. Na tukumbushane kwamba nchini kwetu ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Tunachouza ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyobaki kwenye hati, pamoja na majengo yaliyo juu. Haki ya kutumia mahali ambapo sheria nyingine inakataza kutumiwa, bei yake ni shilingi ngapi? Nimemuuliza mthamini. Alicheka, akaniuliza kama nataka ripoti ya kuuzia au ya kujulia.

Watu wa ng’ambo yetu wao wana jina: wakazi wa mabondeni. Mafuriko ya 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baada yake familia zilizokuwa bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi, X nyekundu zikachorwa kwenye kuta, na wenye kuta hizo wakaitwa wavamizi, wabishi, watu wasiosikia. Ghala letu liko karibu na maji kuliko nyumba nyingi zilizochorwa. Lenyewe halikuchorwa. Lina geti na lina hati, na mahali pake panaitwa eneo la kimkakati. Mto ni mmoja. Mwenye kibanda anayekaa kando yake anaambiwa anahatarisha maisha ya wanawe, na mwenye ghala anaambiwa apandishe bei kidogo kwa sababu bandari iko karibu.

Serikali nayo isitunyooshee kidole haraka. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde, na imeshafurika mara kadhaa tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016. Na siku tutakapouza, serikali itakuwa mezani pamoja nasi: kodi ya faida, ushuru wa stempu, kibali cha Kamishna wa Ardhi. Katika karatasi zote tulizoletewa tujaze sijaona mstari hata mmoja unaouliza maji yalifika wapi, lini, wala ukingo uko umbali gani leo. Wameuliza majina ya babu zetu. Mistari miwili tu ingeongezwa kwenye fomu, na mpima ardhi akarudishwa kiwanjani kabla ya kila uhamisho wa mali iliyo kando ya mto, kazi yangu ya kugombana na ndugu zangu ingekwisha.

Dalali, kuona nimekuwa mgumu, alikuja na wimbo mpya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Basi, anasema, tumwambie mnunuzi kwamba hata mto ukimsumbua atalipwa fidia. Kazi kubwa ya mradi huo iko bonde la chini, kule Jangwani na jirani zake. Kwetu haijafika hata barua. Yaani baada ya kumficha mtu mafuriko, tumuuzie na matumaini ya mafuriko.

Sasa nije kwenye hoja pekee inayoniumiza. Mume wa mdogo wangu ana figo zilizokufa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kaka ana watoto wawili chuoni. Dalali anasema tukiutaja mto bei itashuka kwa theluthi nzima. Mdogo wangu aliniuliza mbele ya wote: “Dada, theluthi hiyo ni miezi mingapi ya mashine?” Nilihesabu nikamjibu. Ni mingi.

Lakini theluthi hiyo haikuwahi kuwa yetu. Ni fedha ya mtu mwingine ambaye naye ana wagonjwa wake. Namfahamu kwa sura huyo anayeelekea kununua: kijana wa mchele na unga, mkopo wa benki, amekuja mara mbili na mkewe. Mke aliisifia ofisi ya juu kwa upepo wake. Sikumwambia wakati ule, kwa kuwa hajaniuliza na dalali alikuwa ameshamwongoza kwenye gari, lakini atakuja kuambiwa: ngazi ile ya ofisi ndiyo iliyomwokoa mlinzi wetu mwaka 2011. Alikuwa amelala chini, kama walinzi wote wa maghala wanavyolala. Aliamshwa na magodoro ya mpangaji yakielea, akapanda, akakaa ghorofani na paka mpaka watu walipomfuata. Sementi iliyokuwa chini, mifuko kwa mamia, iligeuka mawe yenye umbo la mito ya kulalia. Baadhi bado tunazuilia nayo mlango.

Kijana wa mchele ataajiri mlinzi pia. Huyo hatakuwa na mthamini wala mwanasheria, na mkataba hataona. Atasoma nguzo, kama itakuwa inasomeka.

Wala sisemi ghala haliuziki. Mwenye matofali, vyuma chakavu au makontena atalinunua akijua, atalipa kinachostahili, na vitu vyake maji yakija vitaoshwa tu. Hata mchele unawezekana kwa mtu atakayeinua sakafu na kuacha chini wazi. Ila hayo huyafanya mtu aliyeambiwa.

Rasimu ya mkataba iko kwangu. Kifungu cha saba nimekiandika kwa mkono: kwamba Desemba 2011 maji yaliingia ghalani na kufikia mita 1.3 kutoka sakafuni. Kwamba ukingo wa mto uko mita 23 kutoka ukuta wa nyuma. Kwamba sehemu ya kiwanja kilichotajwa kwenye hati haipo tena. Na kwamba mnunuzi ameonyeshwa nguzo ya tatu kabla ya kusaini. Mdogo wangu amesaini jana jioni, akitokea hospitali, hakusema neno. Shangazi anasema nimechanganyikiwa. Kaka amesema atasaini akiona mnunuzi ametangulia. Dalali hapokei simu yangu, na ndoo zake mbili ziko kwenye gari langu, hazijafunguliwa.