Cherehani cha Zamani na Matunzo Yake

Cherehani kilichokwisha tumika huuzwa kwa bei nafuu, na wazazi wengi hukinunua wakitumaini kushona sare za watoto kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari. Kikifika nyumbani huonekana kizito, hukata uzi, na baada ya juma moja husemwa kwamba kimekufa. Mara nyingi hakikufa. Kina kiu ya mafuta, na tumbo lake limejaa uchafu.

Mnunuzi mwenye busara hukichunguza kabla ya kutoa fedha. Na azungushe gurudumu polepole kwa mkono, akilielekeza upande wake. Likiwa zito tu, huenda mafuta yameganda, bali likikwama kabisa mahali pamoja, bei na ishuke sana. Tena atazame kama kijumba cha bobini kimo. Baadhi ya vyerehani vyeusi vya Singer hutumia bobini ndefu nyembamba, ndani ya kijumba chenye umbo la risasi. Kiwanda kikubwa cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, na kijumba kama hicho kikipotea si rahisi kukipata.

Siku ya kwanza ni ya kusafisha, si ya kushona. Sindano na itolewe, na kibati kilicho chini yake kifunguliwe; skrubu ziwekwe katika kisahani zisipotee. Hapo, kati ya meno yanayosukuma kitambaa, hukutwa vumbi la nyuzi lililoshikamana na mafuta makuukuu. Likwanguliwe kwa njiti na brashi ndogo. Kisha kila tundu la mafuta litiwe tone la mafuta ya taa, mbali na moto, gurudumu lizungushwe, na uchafu utokao upanguswe. Lakini mafuta ya taa huyeyusha uchafu tu, hayalindi chuma. Baada yake hapana budi kutia mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia yasitumiwe kamwe, maana hugeuka kuwa gundi. Wala spiriti isipakwe juu ya rangi nyeusi, kwani huiharibu pamoja na maua yake ya dhahabu.

Kosa lingine ni la sindano. Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingia tunduni kutokea upande wa mfereji huo. Ikiwekwa kinyume, mshono huruka au uzi hukatika. Sindano iliyopinda au iliyobutuka na itupwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitambaa itakachokiharibu. Mtu aendapo dukani kununua nyingine na achukue ile ya zamani, ilinganishwe.

Uzi ukifanya fundo chini ya kitambaa, wengi huilaumu bobini. Lakini mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia barabara kati ya visahani vinavyoukaza. Mguu wa kubania kitambaa uinuliwe, ili visahani viachane, kisha uzi upitishwe upya tangu mwanzo. Jaribio lifanywe juu ya kipande cha marekani, si juu ya sare yenyewe. Wala cherehani kisiendeshwe bila kitambaa mguu ukiwa chini, maana meno yatausaga.

Fundi ashonaye kutwa hana budi kutia mafuta kila siku; ashonaye mara chache atie kila baada ya siku chache za kazi. Kazi ikiisha, kifunikwe kisiingie vumbi. Ikiwa baada ya hayo yote mshono bado unaruka, huenda sindano na kijumba havikutani kwa wakati wake, na hapo ndipo afaapo kuitwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: chupa ndogo ya mafuta ni rahisi kuliko cherehani kingine.