Mwacheni Shabiki na Mkasi Wake

Kuna wapenzi wa sinema ambao ukiwaambia kwamba mtu ameingiza 2001: A Space Odyssey kwenye kompyuta yake na kuipunguza nusu saa, huruka kama waliosikia kaburi limefukuliwa. Hoja yao ni moja: filamu bora imeshakamilika, mwongozaji amesema alilotaka kusema, na kazi ya mtazamaji ni kukaa kimya gizani. Kuigusa ni ufidhuli.

Mimi nasema hiyo filamu iliyokamilika hawajawahi kuiona, kwa sababu haipo.

Tuanze na hiyo hiyo 2001. Stanley Kubrick aliionyesha kwa mara ya kwanza mjini Washington mwanzoni mwa Aprili 1968. Watu walichoka, wengine wakatoka, na siku chache baadaye Kubrick akakata takriban dakika 19. Tunachokiapia leo ni toleo lililopita chini ya mkasi wa mtu aliyewaona watazamaji wake wakipiga miayo. Mwaka 2015 Steven Soderbergh, mwongozaji mwenye Oscar yake kabatini, aliikata upya ikawa ya dakika 110 na kuiweka kwenye tovuti yake. Wenye haki za filamu wakamtaka aiondoe, naye akaiondoa. Ya Kubrick haikupungua hata fremu moja.

Blade Runner ni kichekesho zaidi. Watazamaji wa majaribio waliposema hawaielewi, Harrison Ford aliitwa kusoma maelezo juu ya picha, na mwishoni ikabandikwa safari ya milimani kwa picha zilizobaki za The Shining, filamu ya mtu mwingine kabisa. Hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1982. Mwaka 1992 likaja lililoitwa toleo la mwongozaji, ambalo mwongozaji mwenyewe, Ridley Scott, hakuridhika nalo. Mwaka 2007 akatoa alilosema ndilo la mwisho. Ukijumlisha ya majaribio na ya televisheni, matoleo yanafika saba. Anayetaka tuiheshimu kazi asilia atuonyeshe kwanza ni ipi.

Na wanaoziharibu filamu kweli ni nani? Metropolis ya Fritz Lang ilizinduliwa Berlin Januari 1927 ikiwa na zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa soko la Marekani alipewa mwandishi wa tamthilia, Channing Pollock, akaipunguza vibaya. Aliung'oa mkasa wa Hel, marehemu aliyependwa na wanaume wawili, na chuki ya mvumbuzi Rotwang, mmoja wao, ikabaki bila mzizi. Wajerumani wenyewe waliliondoa toleo refu mwaka ule ule na kuonyesha fupi. Kwa miaka themanini dunia ilisifu kipande. Sehemu kubwa ya kilichopotea, kama dakika 25, ilipatikana mwaka 2008 katika jumba la makumbusho ya filamu Buenos Aires, kwenye nakala ya milimita 16 iliyojaa mikwaruzo. Hakuna shabiki aliyewahi kufanya uharibifu wa kiasi hicho, kwa sababu shabiki hukata nakala. Wenye mali hukata filamu yenyewe.

George Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kuwalaani wanaobadili kazi za sanaa, wakati ambapo filamu za nyeusi na nyeupe zilikuwa zinapakwa rangi. Miaka tisa baadaye aliirudia Star Wars yake ya 1977, akajaza viumbe vya kompyuta, na akamfanya Greedo, adui wa Han Solo, afyatue risasi kwanza, ili Han, mhuni tuliyempenda kwa uhuni wake, aonekane amejitetea tu. Ni filamu yake, sawa, ingawa ile ya 1977 ilipata Oscar ya uhariri kwa kazi ya watu watatu ambao yeye si mmoja wao. Kosa lake ni kuliacha toleo la zamani lichakae. Lilipotoka kwenye DVD mwaka 2006 lilikuwa nyongeza, kwa ubora wa picha ulioandaliwa kwa ajili ya diski za leza za mwaka 1993. Waliosaka nakala za milimita 35, wakaziskani na kuzisafisha mikwaruzo, ni mashabiki, bila malipo na bila ruhusa.

Mtu ataniambia huko ni kuhifadhi, si kukata. Haya, twende kwenye kukata.

Sergei Eisenstein, kabla ya kuongoza filamu ndefu hata moja, alikaa mwaka 1924 na mhariri Esfir Shub wakikatakata Dr. Mabuse ya huyo huyo Fritz Lang ili ionyeshwe kwa Wasovieti. Mwaka uliofuata akatoa Battleship Potemkin. Sisi Afrika Mashariki ndio hatuna haki kabisa ya kushtuka: tumelelewa kwenye vibanda umiza vya video, sauti ya msimulizi kama Lufufu au DJ Afro ikiwa juu ya sauti ya Hollywood, na hakuna aliyelia kwamba sanaa imekufa.

Anayedhani kukata ni dharau ajaribu mwenyewe. Achukue sehemu ya 2001 ambapo chombo kinaelekea kwenye kituo kinachozunguka angani, huku muziki wa The Blue Danube ukicheza. Inaonekana imerefushwa bure. Kata sekunde ishirini za picha, na waltz inachechemea, maana muziki umekatika katikati ya mzunguko wake. Uache muziki mzima, na sasa huna picha ya kuujaza. Unaanza kusogeza mpaka wa kukata, fremu mbili mbele, fremu tano nyuma, na usiku unapokwisha umegundua kwamba ule mwendo wa polepole ulipimwa. Huenda bado ukaona umezidi. Soderbergh aliona hivyo. Lakini sasa unabishana na Kubrick kwa kujua alichofanya, jambo ambalo aliyeitazama mara kumi kwa adabu hajalifikia.

Matoleo mengi ya mashabiki ni mabaya, nakiri. Sauti zinaruka, rangi hazilingani, na baadhi yana nia chafu. Januari 2018 mtu asiyejulikana alitoa The Last Jedi, ya mfululizo wa Star Wars, iliyopunguzwa wanawake kadiri alivyoweza, kutoka saa mbili na nusu hadi dakika 46. Haikuwa na hadithi wala maana. Ulimwengu ulimcheka, waliotengeneza filamu wakacheka pia, na filamu yenyewe ikaendelea kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na wanawake wake wote wamo.