Aliyeanguka Chuoni Asitupwe

Huku kwetu pwani, neno chuo lilikuwa la Kurani kabla ya kuwa la shahada. Katika chuo nilichosomea mimi, mtoto aliyekwama katika sura hakufukuzwa. Alirudishwa nyuma aya chache, akasimamiwa mpaka zikamkaa, ndipo akasogea mbele.

Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama ya kupita ni 40 kwa 100. Anayeanguka masomo machache hupewa mtihani wa pili. Anayeanguka mengi hurudia mwaka. Akizidi, huandikiwa barua ya kuondoka. Hilo silipingi. Daktari asiyejua kazi yake huua, na huruma yetu haifufui.

Ninalolipinga ni kimya. Barua hufika, kijana akaificha kwa haya, mzazi akija kujua akamlaani, na siku za kukata rufani zikapita. Kumbe huenda alikuwa mgonjwa, au karo haikutosha, mchana kutwa yuko kibaruani. Hayo yakiandikwa, na ushahidi ukaambatishwa, chuo huweza kumfikiria. Asiporudi, mkopo wa ile Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka wa 1995 utamdai vilevile: deni bila ya shahada.

Basi wakuu wa vyuo, onyo liende pamoja na mwalimu wa kumsimamia, tena mapema. Nasi wazazi tuulize kabla ya kulaumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wabillahi tawfiki.